Mgeni, Leseni na Barabara ya Bagamoyo

Njia nne za Barabara ya Bagamoyo, kile kipande cha Mwenge hadi Tegeta kilichopanuliwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa mwaka 2014, zinaishia kabla hujafika Boko. Kuanzia hapo ni njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na humo wanabanana malori ya saruji ya Wazo, daladala za Bunju, mabasi ya Bagamoyo, bodaboda zisizo na idadi na watu wanaowahi kazini Posta. Wageni nao wamo. Yuko mwalimu wa shule ya kimataifa, mhandisi wa Kichina au wa Kihindi, mmisionari, mtu wa mradi mwenye gari la namba za DFP, na wale wachache waliopanga nyumba Boko Beach kwa kuwa kodi ya Masaki imewashinda na bahari ni ile ile. Wengi wao wameshika usukani kwao kwa miaka mingi. Hapa wanatakiwa waruhusiwe upya.

Namna wanavyoruhusiwa ndiyo hoja ya makala haya, pamoja na upande wake wa pili ambao hatuuzungumzi sana: Mtanzania naye anapohamia kwao anaruhusiwa vipi. Maoni yangu ni kwamba utaratibu wetu unamkagua mgeni karatasi kwa makini na kuuacha uendeshaji wake kama ulivyo, ilhali nchi nyingi wanakohamia Watanzania huiweka karatasi yetu pembeni na kumpima mtu kuanzia mwanzo. Yote mawili yanatokana na jambo moja, nalo ni kiasi gani ofisi ya nchi moja inaiamini ofisi ya nchi nyingine. Ustadi wa dereva mwenyewe huja baadaye, ukija.

Mtu wa kupita ana njia nyepesi. Mtalii au mtu wa semina ya wiki mbili hahitaji leseni ya Tanzania. Hutumia ya kwao, ikisindikizwa na kile kijitabu cha kurasa nyingi kinachoitwa leseni ya kimataifa. Jina hilo limepotosha watu wengi, kwani kijitabu chenyewe si leseni. Ni tafsiri rasmi ya leseni, hutolewa na nchi ya dereva, mara nyingi kupitia chama cha wenye magari, na bila leseni yenyewe hakina kazi. Asili yake ni mikataba miwili ya Umoja wa Mataifa, ule wa Geneva wa mwaka 1949 na ule wa Vienna wa 1968. Kijitabu cha mkataba wa kwanza hudumu mwaka 1. Cha pili kinaweza kufika miaka 3. Ukiona mtu ana cha miaka 10 alichokinunua mtandaoni, jua ametapeliwa, na trafiki akikikataa asimlaumu.

China haimo katika mkataba wowote kati ya hiyo miwili. Kwa hiyo Mchina anayeshuka Dar es Salaam hana kijitabu cha kuonyesha, na leseni yake ya herufi za Kichina haimsaidii kitu mbele ya askari wa barabarani mpaka itafsiriwe na tafsiri ithibitishwe. Ukizingatia idadi ya kampuni za Kichina zinazojenga barabara zetu, utaona kichekesho kilichopo: anayesimamia ujenzi wa barabara anasubiri mtafsiri kabla ya kuendesha gari juu yake.

Zanzibar ni habari nyingine kabisa. Utoaji wa leseni si jambo la Muungano. Visiwani wana sheria yao, leseni yao na magari yenye namba zinazoanza na Z. Mtalii anayekodi gari au vespa Unguja hupatiwa kibali cha muda cha huko huko, na askari wa njiani kuelekea Nungwi au Paje hukiulizia. Mgeni wa Boko anayedhani makaratasi yake ya Bara yanajieleza yenyewe akivuka na boti, aulize kwanza.

Mikataba yote miwili iliandikwa kwa ajili ya msafiri. Ule wa Geneva unahesabu mgeni kuwa mgeni kwa muda usiozidi mwaka 1, na ule wa Vienna unaziruhusu nchi kukataa leseni ya mtu aliyekwisha kuhamishia makazi yake kwao. Waswahili walikuwa wakali zaidi: siku ya tatu mgeni mpe jembe. Hata hivyo mantiki ni hiyo hiyo, kwamba inafika siku mtu si wa kupita tena, naye afuate utaratibu wa wenyeji.

Jembe la Tanzania lina mpini mrefu. Kwanza kuna Uhamiaji na kibali cha ukaazi: daraja A kwa wawekezaji, B kwa walioajiriwa, C kwa wanafunzi, wamisionari, watafiti na wengineo. Kisha kuna Mamlaka ya Mapato, TRA, ya namba ya mlipakodi. Halafu Polisi wa Usalama Barabarani, wanaoikagua leseni ya kigeni. Mwisho ni TRA tena, kulipa, kupigwa picha, kuchukuliwa alama za vidole na saini, na kusubiri kadi ichapwe. Anayechelewa kwenye kaunta ya kwanza amechelewa kote, maana kila kaunta inadai karatasi ya kaunta iliyotangulia.

Wageni kutoka Ulaya hushangaa kusikia kwamba leseni ya udereva inatolewa na ofisi ya kodi. Kwao anayepima ni wa uchukuzi, na wa kodi hana habari na mambo ya rivasi. Kwetu leseni ni pia chanzo cha mapato, na ushahidi ni jinsi mabadiliko yake yanavyotangazwa. Muda wa leseni ulipoongezwa kutoka miaka 3 hadi 5, na ada kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000, aliyetangaza alikuwa Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, katika hotuba ya bajeti ya Juni 2019. Ukigawa, ada ya mwaka mmoja haikubadilika sana: ilikuwa kama 13,300, ikawa 14,000. Nafuu halisi kwa dereva ilikuwa kupunguziwa safari za kwenda kaunta, na kwa mgeni asiyejua Kiswahili hiyo si nafuu ndogo.

Namba ya mlipakodi ina mtego wake. TIN ziko za aina mbili, ya biashara na isiyo ya biashara, na anayetaka leseni ya gari lake binafsi anahitaji hii ya pili. Kuna watu, wageni na wenyeji, waliojaza fomu bila kuuliza wakajikuta wamesajiliwa kama wafanyabiashara, na baada ya miezi wakaanza kudaiwa ritani za duka wasilokuwa nalo. Anayeathirika zaidi ni mke au mume aliyefuatana na mwenzake. Hana mshahara hapa, hana mradi, siku yake ni kupeleka watoto shule na kufuata mboga Tegeta Nyuki, lakini ili aendeshe gari lazima awe na namba ya mlipakodi. Aseme mapema kwamba ni ya leseni tu.

Herufi za madaraja nazo zinawachanganya wengi. Ulaya gari dogo la familia ni daraja B, na D ni la basi. Kwetu gari binafsi huangukia D, na C pamoja na vijukuu vyake C1, C2 na C3 ni vya magari ya abiria kwa kufuata idadi ya viti. Mjerumani aliyekuja na B akipewa D anaweza kudhani amepandishwa cheo na kuwa dereva wa basi. Na Mtanzania akiitoa D yake huko Ulaya, askari wa kule anaweza kuisoma vibaya. Hapa anayetaka C ya kubeba abiria wengi hupitia kozi maalumu katika chuo kama cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo. Pikipiki ni A, bajaji A2. Kwa hiyo mgeni mwenye leseni ya gari tu asijidanganye kwamba pikipiki ya kukodi anaiendesha kihalali.

Kaunta ya Polisi ndiyo yenye maana kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo uendeshaji ungepimwa. Mtanzania anayeanza hupita njia ndefu: leseni ya kujifunzia, shule ya udereva, gari lenye kibao cha L, kisha siku ya mtihani mbele ya mkaguzi. Anasimamishwa mbele ya ubao wa alama na kuulizwa moja moja. Anarudisha gari nyuma kati ya vijiti huku wenzake wanamwangalia, klachi inatetemeka, na akigusa kijiti anajua kwa miguno ya watu kabla mkaguzi hajaandika kitu. Mgeni mwenye leseni hai ya kwao kwa kawaida haendi kwenye vijiti. Afisa anaitazama leseni yake: ipo hai, ni ya daraja gani, imetafsiriwa, jina linalingana na la pasipoti. Kuna anayeombwa aendeshe kidogo na kuna asiyeombwa kabisa. Karatasi ikiwa safi, anaelekezwa TRA.

Mlolongo wa kaunta ndio shamba la vishoka. Kishoka huuza muda: nipe pasipoti na hela, kaa nyumbani, nitakuletea kadi. Mgeni mwenye kazi nyingi na asiyejua lugha ya ofisini ni mteja wake mzuri. Hatari ni kwamba siku hizi trafiki ana mashine ya mkononi, na kadi inayong'aa ambayo namba yake haisomeki ndani ya mfumo ni mbaya kuliko kutokuwa na kadi. Bila kadi una kosa la barabarani. Kadi ya kughushi inakupeleka mahakamani, na baada ya hapo Uhamiaji nao watataka kujua ulivyoipata.

Tuseme sasa kadi imepatikana kihalali na mgeni ameingia barabarani pale Boko Magengeni saa moja asubuhi. Sheria anaijua kwa sehemu kubwa: upande wa kushoto kama Uingereza, 50 kwa saa kwenye makazi, mkanda, hakuna simu. Lakini barabara hii ina lugha yake isiyoandikwa kwenye ubao wowote wa alama. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto bila kukata kona, dereva anakuambia njia ni nyeupe, pita. Akiwasha ya kulia anakuambia tulia, kuna kitu kinakuja. Usiku mwenye lori anayekuja mbele yako ataiacha ya kulia iwake ili uone mwisho wa upana wake. Gari linalokuja likikuwashia taa, kwa Mwingereza maana yake ni pita wewe. Huku mara nyingi maana yake ni napita mimi, au mbele kuna trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo. Mtu akikosea kutafsiri moja kati ya hizo, ile miaka yake 20 ya Ulaya haimsaidii.

Kuna pia mambo ya kushoto. Mgeni amefundishwa kuangalia kioo cha kulia anapotaka kupita mwenzake na cha kushoto anapokata kona. Hapa bodaboda hupita kushoto kwako ukiwa unakata kushoto, na daladala hurudi barabarani kwa mkono wa konda uliotolewa dirishani, ambao una nguvu kuliko indiketa. Mvua ikinyesha, ukingo wa lami unaliwa na maji yanayotoka kwenye njia za vumbi za mitaani, na aliyeshuka tairi mbili pembeni kupisha lori anakuta tofauti ya kimo inayoweza kuling'oa bampa.

Makutano ya Mwenge yanawatesa wageni kuliko Boko yenyewe. Taa ni nyekundu, trafiki yuko katikati anakuita upite. Mgeni anasimama, kwa kuwa taa nyekundu ni taa nyekundu. Nyuma yake honi zinalia. Trafiki anamjia na kumwuliza kama haoni mkono. Sheria iko upande wa trafiki: ishara ya askari huishinda taa. Kwao jambo hilo lipo vitabuni na hawajawahi kuliona. Kwenye zebra mambo yanageuka, maana hapo wengi hawasimami kumpisha mtembea kwa miguu, na trafiki amekaa hatua chache mbele akisubiri atakayepita. Mgeni aliyezoea kusimama kwao, na ambaye baada ya wiki mbili za Dar ameiga wenyeji, ndiye anayekamatwa.

Kukamatwa kwenyewe mara nyingi ni kwa adabu. "Habari za asubuhi, mama. Naomba leseni." Leseni inatazamwa mbele na nyuma, bima inakaguliwa, linafuata swali la zile pembetatu nyekundu na mtungi wa kuzimia moto. Faini ya kosa moja la gari ni shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo, na haihitaji ubishi. Mgeni anayejua kuitikia "salama, afande, za kazi?" hupitisha dakika hizo vizuri kuliko anayefungua mkutano kwa Kiingereza cha juu. Sisemi kwamba salamu ifute kosa. Nasema tu kwamba mtu anayesalimia huelezwa kosa lake vizuri.

Wanaoendesha bila leseni ya hapa hujipa moyo kwa hiyo 30,000. Wakiweka mwaka mzima wa kusimamishwa kwenye mizani, wanaona ni nafuu kuliko usumbufu wa kaunta. Hesabu hiyo imesahau bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari awe angalau na bima ndogo, ile ya mtu wa tatu. Wageni wengi hukata bima kubwa. Mikataba ya bima hizo zote ina sharti moja linalofanana: dereva awe na leseni halali ya daraja la gari analoendesha. Fikiria bodaboda imeparuzwa pale Basihaya na abiria amevunjika mguu. Umati umekusanyika, majeruhi anahitaji fomu ya polisi ya PF3 na kupelekwa Mwananyamala, mkaguzi anachora ramani ya ajali, gari linapelekwa kituoni. Swali la kwanza la kampuni ya bima litakuwa leseni. Leseni ya kwao iliyokwisha muda, kijitabu kilichopitwa na mwaka, au mkaazi anayejiita mtalii, kila kimoja ni sababu ya kutosha ya kampuni kufunga faili. Gharama ya mguu wa mtu, na ya matengenezo ya gari lililoagizwa Japani, zinabaki mezani kwa dereva.

Waajiri wengi wanaijua hesabu hii, ndiyo maana mashirika makubwa huwakataza wataalamu wao kuendesha na kuwaajiria madereva. Ni ufumbuzi mzuri kwa mwenye mradi, na ajira kwa kijana wa Bunju. Hausaidii mwalimu wa kawaida wala mmisionari.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ndiyo inayoonyesha wazi kwamba kutambuana kwa leseni hakuhusiani sana na udereva. Leseni za nchi wanachama zinatambuliwa kwa jirani. Lakini kati ya nchi 8 za Jumuiya, ni Kenya, Uganda na Tanzania tu zinazoendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia huendesha kulia. Lori la mzigo wa Kigali linalotoka bandari ya Dar es Salaam hufika Rusumo na kubadilisha upande wa barabara. Dereva wa Kigali anayekuja kuishi Boko akiwa hajawahi kuendesha kushoto hata siku moja anatambuliwa bila swali, wakati Mwingereza, Mhindi au Mjapani aliyekulia kushoto anazungushwa kaunta. Silaumu makubaliano ya Jumuiya; biashara ya eneo hili isingetembea bila hayo. Ila yanaonyesha kwamba tumemkubali jirani kwa ujirani wake, na hatukupima kama mkono wake utajua upande wa kukaa usiku wa mvua.

Mtanzania anapokwenda mbali mambo hugeuka. Uingereza humruhusu mkaazi mpya kuendesha kwa leseni ya kwao miezi 12. Ikipita, kama nchi yake haimo katika orodha ya nchi zinazobadilishiwa, anaanza upya kama kijana wa miaka 17: leseni ya muda, mtihani wa nadharia wa pauni 23, mtihani wa barabarani wa pauni 62 siku za kazi, na foleni ya miezi ya kupata nafasi. Akifanyia mtihani kwenye gari la otomatiki, leseni yake haimruhusu gari la gia. Nimewasikia watu wazima waliobeba abiria Kariakoo miaka nenda rudi wakilalamika kufelishwa Coventry au Reading kwa kutoangalia kioo kabla ya indiketa. Malalamiko ni ya kweli, na kufeli nako ni kwa kweli. Jicho lililozoea kumsoma konda halikuzoeshwa kusoma kioo kila baada ya sekunde chache.

Ujerumani ni miezi 6, kisha mtihani wa nadharia na wa vitendo kwa leseni za nchi zisizo kwenye orodha, Tanzania ikiwa mojawapo. Sheria haimlazimishi mtu kama huyo kuhudhuria masomo yote ya anayeanza, lakini mtihani unafanyika kwa gari la shule ya udereva na kwa bei ya shule ya udereva. Nadharia inafanywa kwa Kijerumani au kwa lugha nyingine 12, kuanzia Kiingereza hadi Kituruki na, tangu mwaka 2016, Kiarabu. Kiswahili hakimo. China humtaka mwenye leseni ya kigeni afanye mtihani wa nadharia wa maswali 100 na apate angalau 90, na Mtanzania anayesoma huko hana ujanja.

Oman inavutia zaidi, kwa kuwa ni nchi ambako Mswahili hajisikii mgeni kabisa. Kiswahili utakisikia Muscat sokoni na barazani. Lakini udugu huo haufiki kwenye leseni. Wenye leseni za nchi za Ghuba na za mataifa kadhaa ya Magharibi hubadilishiwa. Mtu wa Tanga au Pemba aliyekwenda kufanya kazi anapitia mtihani wa Polisi ya Kifalme ya Oman kwa hatua: kwanza mapipa, yaani kurudisha gari nyuma na kulipaki kati ya mapipa bila kugusa hata moja, kisha mlima, kusimama na kuondoka bila gari kurudi nyuma, kisha barabarani na askari pembeni. Watu hurudia mapipa mara kadhaa. Mfilipino, Mhindi na Mtanzania wako kwenye foleni moja, na Mwingereza aliyefika wiki iliyopita ameshapata kadi.

Ni rahisi kusema huu ni ubaguzi wa matajiri kwa maskini, na sehemu yake ni kweli. Orodha ya Uingereza hata hivyo inaharibu maelezo hayo mepesi. Pamoja na Japani, Uswisi na Singapore, humo zimo Afrika Kusini na Zimbabwe. Zimbabwe, nchi iliyogombana na London kwa zaidi ya miaka 20 na ambayo uchumi wake haukuwa wa kuonewa wivu, leseni yake inabadilishwa. Ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania hazibadilishwi. Kigezo cha sheria yao ni kwamba waziri aridhike kuwa nchi husika ina utaratibu wa kutosha wa kupima na kutoa leseni. Zimbabwe iliridhisha, sisi bado.

Tatizo letu haliko kwenye kadi. Ya mwaka 2010, yenye alama za vidole na namba ndani ya mfumo, ilikuwa hatua kubwa kuliko vile vitabu vya zamani vilivyochapwa uchochoroni. Shaka iko kwenye njia ya kuifikia kadi. Polisi wenyewe wamewahi kuendesha uhakiki wa leseni na vyeti vya madereva wa abiria na mizigo, na nchi haihakiki jambo isilolitilia mashaka. Kama sisi tunamwuliza dereva wetu wa basi kama kweli alikaa darasani, askari wa Berlin au Muscat tunamdai nini?

Kulipiza hakuna maana. Kuwapeleka Waingereza wote kwenye vijiti ili waonje wanayoyaonja Watanzania kule kutaongeza foleni kwa vijana wetu. Ninachopendekeza ni kidogo: mgeni anayechukua leseni ya ukaazi aendeshe dakika 20 barabarani na mkaguzi pembeni, katika barabara ya kweli, mathalani kutoka Tegeta hadi Bunju na kurudi, zebra, tochi na bodaboda vikiwemo. Dereva kutoka nchi jirani inayoendesha kulia naye asiachwe. Wengi watafaulu. Watakaofeli ni heri wafelie hapo kuliko mbele ya shule ya msingi.

Pingamizi ninalolijua ni kwamba kaunta ya tano itamnufaisha kishoka wa tano. Lina uzito. Dawa yake ni matokeo kuingia kwenye mfumo moja kwa moja kutoka kwa mkaguzi, papo hapo, bila karatasi inayobebwa mkononi kutoka ofisi hadi ofisi; na utaratibu wote kubandikwa ukutani kwa Kiswahili na Kiingereza, bei kwa bei. Mfumo huo huo ukitumika kwa mtahiniwa Mtanzania, na kumbukumbu zake zikaweza kuonyeshwa kwa nchi nyingine, tutakuwa na cha kuweka mezani siku tukiomba leseni yetu ibadilishwe London au Muscat. Ada ya mtihani ikishapangwa, mabadiliko hayo yanaweza kuingizwa kwenye bajeti ya mwaka wowote, kama yalivyoingizwa yale ya miaka 5 mwaka 2019.